Sauti Zisizo na Majina

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waimbaji wa mwanzo wa senema za Kihindi wamenifundisha kwamba chema kisicho na jina hakijiuzi.

Senema ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay mwaka 1931. Ilikuwa na nyimbo 7, lakini hazikutolewa katika sahani za santuri, na filamu yenyewe imepotea. Wazir Mohammed Khan, aliyeimba wimbo wake wa kwanza, amebaki jina bila sauti.

Wengine walikuwa sauti bila jina. Baada ya Dhoop Chhaon ya mwaka 1935, ilizoeleka mwigizaji kufumbua kinywa tu, huku mwingine asiyeonekana ndiye anayeimba. Sahani ya wimbo mashuhuri wa senema ya Mahal, mwaka 1949, iliandikwa jina la Kamini, yaani mhusika wa hadithi! Wasikilizaji wakaiandikia redio: ni nani huyu? Alikuwa Lata Mangeshkar, naye akavuma hadi alipofariki mwaka 2022. Rajkumari, aliyeimba katika senema hiyo hiyo, hukumbukwa na wachache.

Nimeshika rejista za shule miaka mingi. Asiyeandikwa huhesabiwa hayupo, hata akiwa ameketi dawati la mbele. Basi, ndugu msomaji, ukikuta sahani kuukuu sandukuni mwa wazee, isikilize, kisha ulitafute jina la mwimbaji na uliandike. Hiyo nayo ni historia.