Walimu wa Mpira katika Nchi ya Almasi na Dhahabu

Tarehe 14 Novemba 2015, Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, Taifa Stars ilikuwa ikicheza na Algeria kuwania nafasi ya Kombe la Dunia la 2018. Kabla ya mapumziko Elias Maguri akafunga. Kipindi cha pili Mbwana Samatta akaongeza la pili, na kwa dakika kadhaa mashabiki wakaimba kama watu waliokwisha kukata tiketi ya Urusi. Islam Slimani akazima shangwe hizo kwa mabao mawili ya haraka, mechi ikaisha 2-2, na siku tatu baadaye Stars ikafungwa 7-0 kule Blida. Kipigo hicho ndicho kilichobaki midomoni mwa watu. Kilichosahaulika ni kwamba Samatta alitoka TP Mazembe, mabingwa wapya wa Afrika, ilhali Maguri alitoka Stand United ya Shinyanga, klabu iliyoanzishwa na watu wa stendi ya mabasi.

Maguri alikuwa ametua Shinyanga miezi michache tu kabla, baada ya msimu usiomnyookea pale Simba. Huko alimkuta Mfaransa Patrick Liewig, ambaye Watanzania walikuwa wakimfahamu tangu 2013. Mwaka huo Liewig, akiwa kocha wa Simba, aliwaweka kando baadhi ya mastaa, akawapandisha vijana wa kikosi cha pili na kumaliza nao ligi katika nafasi ya tatu. Wapo waliomlaumu kwa kupoteza ubingwa. Wengine waliona kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kuna mtu pale Simba anayefundisha mpira, badala ya kupanga majina kwenye karatasi siku ya mechi.

Habari ya ukanda huu wa madini, kuanzia Mwadui hadi Geita, ni habari ya fedha zilizokuja kwa wingi na walimu waliokuja kwa nadra.

Mwadui ndiko mambo yalikoanzia. Mwaka 1940 mwanajiolojia Mkanada, Dk. John Williamson, aligundua mwamba wa almasi katika eneo ambalo leo liko wilaya ya Kishapu. Katika miaka iliyofuata mji ukaota porini: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, umeme wake wenyewe, uwanja wa ndege na viwanja vya michezo. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukaingia mikononi mwa De Beers na serikali ya kikoloni. Mpira ulikuwa sehemu ya maisha ya mji ule kama ulivyokuwa katika miji mingi ya migodi Afrika. Zamu ikimalizika kulikuwa na uwanja, kulikuwa na jezi za kampuni, na kulikuwa na sababu ya kijana mwenye miguu mizuri kupewa kazi. Mwalimu wa timu za namna hiyo kwa kawaida alikuwa mchezaji aliyestaafu, au mwalimu wa shule aliyejua kupiga filimbi na kuchora mistari.

Ujuzi wa juu ulibaki Dar es Salaam. Yanga ya miaka ya 1970 ilifundishwa na Mromania, Profesa Victor Stanculescu. Taifa Stars iliyokwenda Lagos kwenye fainali za Afrika za 1980 ilikuwa na Mpolandi Slawomir Wolk pamoja na Joel Bendera, na ilibidi nchi isubiri hadi 2019 kurudi kwenye fainali hizo. Kanda ya Ziwa iliwahi kupata timu kubwa, Pamba ya Mwanza, iliyolelewa na fedha za zao lililoipa jina na kuifunga Anse Boileau ya Ushelisheli jumla ya mabao 17-1 mwaka 1990. Lakini Pamba nayo ilisimama kwa vipaji vilivyokusanywa vikiwa tayari vimeiva.

Kufundisha ni kazi ya namna gani basi? Jibu lililochunguzwa kwa makini zaidi linatoka kwenye mpira wa kikapu. Katika msimu wa 1974/75 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa pembeni mwa uwanja wa mazoezi wa chuo kikuu cha UCLA wakimrekodi kocha John Wooden, ambaye mwanzoni mwa kazi yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari. Waliandika vitendo 2,326 vya ufundishaji. Takriban robo tatu ya maneno ya Wooden yalikuwa maelekezo: fanya hivi, geuza bega, pasi ile itoke kifuani. Sifa zilikuwa chini ya asilimia 7, na lawama vilevile. Alipomsimamisha mchezaji aliyekosea, alimwonyesha namna iliyo sahihi, akamwigizia kosa lake, kisha akaonyesha tena ile sahihi, na yote hayo yalimalizika katika sekunde chache. Aliacha kazi mwaka 1975 akiwa na mataji 10 ya vyuo vya Marekani.

Aliyekaa jukwaani asubuhi kwenye mazoezi ya timu zetu nyingi anajua jinsi hali ilivyo tofauti. Wachezaji wanazunguka uwanja mara kumi, wananyoosha viungo, wanagawana fulana, wanacheza mechi ya wao kwa wao, na kocha anapiga kelele, “Changamka! Changamka!” Pumzi inaongezeka, lakini beki aliyekuwa akisimama vibaya jana atasimama vibaya kesho, kwa kuwa hakuna aliyemsimamisha kumwonyesha.

Kosa hilo si la makocha peke yao. Kwa miaka mingi hawakuwa na hata namna ya kuona kosa mara ya pili. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Kabla ya hapo mechi ilisikika redioni na kuishia hewani, na kocha wa Shinyanga aliyetaka kumjua mpinzani wake wa wiki ijayo alimpandisha mtu basi kwenda kumpeleleza, arudi na habari za kinywani: winga wao ana mbio, kipa wao anaogopa krosi. Hata vibanda umiza vya kuonyeshea mpira vilipoenea Kahama, Geita na Shinyanga mjini, kilichoonekana humo zaidi kilikuwa mpira wa Uingereza. Vijana walitoka wakijua sura ya Thierry Henry kuliko udhaifu wa timu ya jirani.

Mambo yalibadilika msimu wa 2013/14, Azam TV ilipoanza kurusha Ligi Kuu. Fedha za haki za matangazo ndizo zilizozungumzwa sana, na mwaka 2021 mkataba mpya wa miaka 10 ulifikia shilingi bilioni 225.6. Kwa makocha kulikuwa na faida nyingine iliyopita kimyakimya: kuanzia hapo mechi ilibaki. Timu ya mkoani ikaweza kukaa kambini usiku, kompyuta mezani, picha ukutani, mwalimu akasimamisha mkanda pale beki wa kulia alipokuwa hatua mbili mbele ya wenzake na kumuuliza, “Hapa ulikuwa unamtazama nani?” Mchezaji anayejiona mwenyewe akiacha mtu wake hana pa kujificha, na mwalimu mwenye busara halitumii swali hilo kumwaibisha mtu. Anarudisha picha nyuma, anaonyesha mahali pa kusimama, na asubuhi anaweka koni palepale uwanjani.

Stand United ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, wakati mwafaka kabisa wa mabadiliko hayo. Mashabiki waliiita Chama la Wana, na majirani waliwaita Wapiga Debe. Uwanja wa Kambarage ukajaa watu waliokuwa na haki ya kusema timu ni yao, kwa sababu ilikuwa yao kweli. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ikaidhamini. Hapo ndipo Liewig akaja, na Maguri akaenda Dar es Salaam kuifunga Algeria.

Haikudumu. Klabu ikagawanyika pande mbili, upande wa wanachama na upande wa kampuni ya klabu, kila mmoja ukidai ndio Stand halali. Mwaka 2016 mdhamini akajitoa. Makocha wakaanza kupokezana benchi, na mara kadhaa mzigo ukabaki kwa Athuman Bilal, maarufu Bilo, mtu wa nyumbani ambaye alikuwa msaidizi wa wengi. Hata katika hali hiyo timu ilikuwa na siku zake. Septemba 2018 ilikwenda Dar es Salaam kucheza na Yanga, na Mrundi Alex Kitenge akafunga mabao matatu peke yake. Yanga ikashinda 4-3. Mwisho wa msimu huo Stand ikashuka daraja.

Timu ya Mwadui ilipita njia nyingine. Iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16 chini ya Jamhuri Kihwelo, “Julio”, beki wa zamani wa Simba, ilijaza kikosi wazoefu: Nizar Khalfan aliyewahi kucheza Vancouver, Jerson Tegete wa Yanga, Jabir Aziz. Uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake. Mzoefu hahitaji kufundishwa kusimama, na timu iliyotoka daraja la chini inahitaji pointi mapema. Ila mzoefu anaondoka na ujuzi wake. Mwadui ilishikilia nafasi yake kwa misimu kadhaa, ikashuka 2020/21 ikiwa mkiani, na Kishapu haikubaki na kizazi cha kuonyesha.

Mwaka huohuo Mwadui ilipokuwa ikishuka, Geita ilikuwa ikipanda. Dhahabu ya Geita ni ya zamani: mgodi wa kwanza ulianza enzi za Waingereza katika miaka ya 1930 na kufungwa 1966, kisha mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Mkoa wenyewe ulizaliwa 2012. Geita Gold, timu ya halmashauri ya mji iliyodhaminiwa na mgodi, ilipandishwa na Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga aliyekuwa tayari amezipandisha Singida United na KMC. Msimu wa 2021/22 ulianza na Mrundi Étienne Ndayiragije kwenye benchi. Matokeo yakawa mabaya, na timu ikarudi mikononi mwa Minziro.

Kilichofuata kinastahili kukumbukwa zaidi ya kinavyokumbukwa. Geita Gold ilimaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Mshambuliaji wake George Mpole alifunga mabao 17 na kumpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Mpole hakuwa chipukizi. Alikwisha kuzunguka timu kadhaa bila kutajwa sana. Alichokipata Geita ni timu iliyocheza kwa kumtafuta, na mwalimu aliyejua mipira gani imfikie na wapi. Juni 2022 akaifungia Taifa Stars dhidi ya Niger, kama Maguri alivyofanya miaka saba kabla: mshambuliaji wa klabu ya Usukumani, akiwa na mwalimu nyuma yake, akifunga bao la taifa.

Barani safari ilikuwa fupi. Hilal Alsahil ya Sudan iliitoa Geita katika hatua ya mwanzo kabisa. Mpole akaenda kucheza Kongo, St Eloi Lupopo ya Lubumbashi. Minziro naye aliondoka baadaye, makocha wakabadilika, na mwisho wa msimu wa 2023/24 Geita Gold ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Msimu uliofuata Geita na Stand zilikutana katika mchujo wa kutafuta njia ya kurudi juu. Stand ikavuka, kisha ikasimamishwa na Fountain Gate.

Ukiziweka habari hizi tatu pamoja unaona jambo moja likijirudia. Timu za ukanda huu hazikukosa fedha za kuanzia wala watu wa kuzishangilia. Stand na Geita, zilipompata mwalimu, kila moja ilitoa mchezaji aliyeifungia timu ya taifa. Zilipoanza kubadilisha walimu, zilianguka ndani ya misimu michache. Na hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayojulikana kwa kujenga kitu chini yake, yaani vijana wa miaka 12 au 14 wanaofundishwa mwaka mzima na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Shule zingeweza kuwa msingi huo, na zamani zilikuwa. Mashindano ya shule za msingi na sekondari yaliwaibua wachezaji wengi wa nchi hii hadi serikali ilipoyasimamisha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yaliporudi, shule nyingi zilikuwa zimeshapoteza mwalimu wa michezo na hata kiwanja chenyewe. Ilhali Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kipo Kwimba, kwenye reli inayopita Shinyanga kwenda Mwanza. Kinafundisha watu kazi hii hasa: mpira wa miguu, kikapu, netiboli, riadha.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kila mgodi unatakiwa kukaa na halmashauri kila mwaka na kukubaliana mpango wa huduma kwa jamii. Madarasa, zahanati na visima vimejengwa kwa fedha hizo, na vinahitajika. Madiwani wa Geita, Kahama, Kishapu na Shinyanga wanapokaa mezani safari ijayo, waombe na mishahara ya walimu wa michezo waliosoma Malya, walau mwalimu mmoja kwa kila tarafa kwa miaka mitano mfululizo, pamoja na mipira, koni na kompyuta moja ya kuonyeshea picha za mechi.