Kufuta si kuteketeza: mafaili ya 1963 na hifadhidata zetu

Leo nawarudisha nyuma, kabla kompyuta hazijafika Kitui wala Makueni, maana hadithi nzuri kuliko zote ninayoijua kuhusu kufuta data ni ya karatasi.

Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, wakoloni waliyachambua mafaili yao Kenya. Mengi ya siri yalichomwa, na amri ilisema hata majivu yapondwe. Mengine yakasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza. Faili moja likitolewa kwenye kundi la mafaili, la bandia liliwekwa mahali pake ili pengo lisionekane. (Waprogramu, mnajitambua hapo?) Kichekesho ni kwamba uchomaji ulitakiwa kuandikiwa cheti. Yaani unafuta, halafu unaweka rekodi kwamba umefuta!

Mwaka 2009 Wakenya watano walioteswa wakati wa Mau Mau walishtaki London. Kesi ilibeba jina la Ndiku Mutua, jina ambalo mtu wa Wote au Mwingi hahitaji kuelezwa ni la wapi. Mwaka 2011 Uingereza ikakiri: mafaili kama 1,500 ya Kenya, maboksi 300 hivi, yalikuwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa madai ya watu 5,228.

Hapo masalio yaliwafaa walioonewa. Lakini fikiria kliniki ya Kitui ambapo jibu la kipimo cha Ukimwi limeingizwa kwa jina la mtu asiyehusika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kudai data hiyo ya uongo ifutwe. Karani anabonyeza, jina linatoweka kwenye skrini, mama wa watu anaenda zake.

Programu nyingi hazifuti kabisa, zinaweka alama tu kwamba rekodi imefutwa. Hata ukitumia DELETE kwenye PostgreSQL, safu inahesabiwa imekufa ila bado iko diskini. VACUUM huiachia nafasi itumike tena. Baiti zenyewe zaweza kubaki mpaka ziandikwe juu. Bakapu ya jana nayo inayo nzima nzima. Diski hiyo ikiuzwa mtumba, mnunuzi ndiye Hanslope Park.

Mimi napendelea kufunga data ya kila mgonjwa kwa ufunguo wake. Siku ya kufuta, unaharibu ufunguo, na bakapu zote zinabaki na takataka zisizosomeka. Ila nakala za funguo zisikae kwenye bakapu hizo hizo.