Kibuyu cha Msafiri

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaeleza habari za kitu kidogo kisichotajwa sana katika vitabu vya historia, nacho ni kibuyu cha maji. Wafalme na vita vina waandishi wao. Lakini mtu wa kale aliyetoka Unyiha au Unyamwanga kwenda Ziwa Nyasa kwa miguu alifika salama kwa sababu ya vitu vichache alivyotungika begani.

Kibuyu kilitengenezwa kwa tunda la mmumunye lililokomaa. Lilikaushwa, likatobolewa shingoni, likatiwa maji na changarawe, likatikiswa mpaka mbegu zote zikatoka, kisha likalowekwa mara nyingi ili uchungu uishe. Gunzi la hindi likawa kizibo, na kamba ya gome ikawa mkanda.

Vitu vingine vilifuata kibuyu kama vifaranga wamfuatavyo mama yao. Kwanza, fundo la chumvi. Huko Ivuna, katika bonde la Rukwa, wataalamu wa mambo ya kale walichimba mwaka 1966, wakaona ya kuwa watu walipika chumvi mahali pale tangu karne ya 13. Pili, kisu, maana Wanyiha walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma. Tatu, vijiti viwili vya kupekecha moto. Nne, unga kidogo. Tano, nguo, ambayo mchana ilikuwa vazi, usiku blanketi, na penye maji ya matope ikawa kichujio. Mzigo ulikuwa mwepesi, na kila kitu mwenyewe alikijua kazi yake.

Sasa tazameni yaliyotokea mambo hayo yalipoharibika. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey wa Uingereza lilivuka mpaka kuingia nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Kundi moja lilitoka Fife, si mbali na Tunduma. Nyuma ya askari walikwenda wachukuzi, walioitwa tengatenga. Kila mmoja alitwikwa mzigo wa ratili 50 au 60, nao haukuwa wake: risasi, vyakula vya askari, mahema. Hakuwa na nafasi ya kuchagua maji, wala ya kupika unga ukaiva. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, mpaka Wadachi walipoweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na maradhi, hasa kuhara damu.

Mtu anayehara hupoteza maji na chumvi, na siku hizi waganga humpa maji safi yaliyochanganywa na chumvi kidogo na sukari kwa kipimo. Basi maji na chumvi, vile alivyovichukua msafiri wa kale, ndivyo vilivyopungua katika miili ya wale watu, na migongo yao ilikuwa imejaa mali ya wengine.

Leo magari na reli ya TAZARA hupita Tunduma, na Songwe imekuwa mkoa tangu mwaka 2016. Hata hivyo mchungaji, mwanafunzi aendaye mbali, na dereva aliyekwama njiani wangali na haja ileile. Kibuyu kilikuwa na upungufu mmoja: hakikuweza kuinjikwa motoni. Kwa hiyo twashauri chupa ya chuma tupu, isiyo ya kuta mbili, ambayo maji yaweza kuchemshwa ndani yake kizibo kikiwa kimeondolewa. Izungushieni kamba, na katika kifuko kimoja tieni kiberiti kilichofungwa kisilowe, kisu, chumvi, na kitambaa safi cha kuchujia. Yachujeni maji kwanza, kisha yachemsheni mpaka yatokote sawasawa.

Wazee wetu walisema, akiba haiozi. Na akiba ya kwanza ya msafiri ni maji.