Kiini kilipokubali kuwa tarishi

Programu ya kompyuta inatafuta habari katika kumbukumbu na haiikuti. Mashine inaisimamisha kwa muda mfupi mno, habari inaletwa kutoka kwenye diski, kisha kazi inaendelea. Mtumiaji hatambui lolote.

Wataalamu hukiita kipande hicho cha habari ukurasa, na kule kukosekana kwake hitilafu ya ukurasa, ingawa hakuna kilichoharibika. Jambo hilo dogo lilizusha swali zito: nani mwenye mamlaka ya kulishughulikia?

Chanzo Manchester

Historia yake inaanzia Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ambako kompyuta ya Atlas ilizinduliwa mwezi Desemba mwaka 1962.

Wakati huo kumbukumbu ya kasi ilikuwa ghali. Tom Kilburn na wenzake waliigawa katika kurasa, na zile zisizohitajika kwa wakati huo zikahifadhiwa kwenye pipa la sumaku lililokuwa likizunguka. Mwandishi wa programu aliona ghala moja kubwa. Taabu ya kuhamisha kurasa ilikuwa ya mashine yenyewe.

Katika mifumo mingi iliyofuata, kazi hiyo ilifanywa na kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu yenye amri juu ya kila kitu. Lakini amri hiyo ilikuwa na gharama. Kosa moja ndani ya kiini laweza kuiangusha mashine nzima. Isitoshe, kiini huamua kwa namna moja kwa wote, ilhali mahitaji ya programu hayafanani.

Jaribio la Pittsburgh

Mnamo mwaka 1985, Richard Rashid na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, walianza kuunda mfumo ulioitwa Mach. Humo, ukurasa ulipokosekana, kiini kiliweza kutuma ujumbe kwa programu ya kawaida iliyo nje yake, nayo ikautafuta ukurasa huo na kuuleta.

Wazo lilivutia, ila utekelezaji ulikuwa mzito. Ujumbe ulikwenda polepole. Tena kiini kiliendelea kuamua chenyewe ni ukurasa upi uondolewe kumbukumbu inapojaa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi walikuwa wamekata shauri kwamba mifumo yenye kiini kidogo haiwezi kamwe kuwa na kasi.

Hoja ya Liedtke

Mjerumani Jochen Liedtke, mtafiti wa taasisi ya GMD nchini mwake, alikataa hukumu hiyo. Kwa maoni yake, lawama ilikuwa ya ujenzi, si ya wazo.

Mwaka 1993 alitoa vipimo. Kwenye kompyuta yenye prosesa ya 486, Mach ilichukua takribani mikrosekunde 115 kupeleka ujumbe mfupi. Mfumo wake, L3, ulichukua 5.

Mwaka 1995 akaeleza mfumo uliofuata, L4, ambao kiini chake kilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 12 hivi. Humo, karibu kumbukumbu yote hukabidhiwa kwanza programu moja iliyo nje ya kiini. Kutoka hapo, programu huweza kushirikiana kurasa na nyingine, kuzikabidhi moja kwa moja, au kuzirudisha mikononi mwake.

Ukurasa ukikosekana, kiini hupeleka ujumbe kwa msimamizi aliyewekwa na kusubiri jibu. Hakichagui wala hakihukumu. Kiini kimekuwa tarishi.

Msimamizi huyo akizembea, programu zinazomtegemea hukwama, na hilo si jambo dogo. Lakini zilizobaki huendelea na kazi zao. Hasara imewekewa mpaka.

Urithi

Liedtke alifariki dunia mwezi Juni mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 48. Hakuyaona matunda makubwa ya hoja yake.

Mwaka 2009, watafiti mjini Sydney, Australia, walithibitisha kwa hisabati kwamba kiini cha seL4, kilichotokana na ukoo wa L4, kinatekeleza sawasawa yale yaliyoandikwa kitekeleze. Kilikuwa na mistari 8,700 hivi ya lugha ya C. Uthibitisho huo uliwezekana kwa sababu kiini kilikuwa kidogo, na kilikuwa kidogo kwa sababu kazi kama za kurasa zilikwishaachiwa wengine.

Hata Linux, yenye kiini kikubwa, ilifuata njia hiyo kwa kiasi mwaka 2015, ilipoziruhusu programu za kawaida kujibu hitilafu za kurasa zake. Uwezo huo husaidia kuihamisha kompyuta pepe kutoka seva moja hadi nyingine ilhali ingali ikifanya kazi.

Swali lililoanzia kwenye pipa la sumaku la Manchester halijapata jibu moja. Ila dai kwamba mwenye nguvu zote ndiye pekee awezaye kulijibu, hilo limeshindwa.