Takwimu za usafiri wa barabara Tanzania

Takwimu za usafiri wa barabara Tanzania Bara hutoka katika taasisi kadhaa: TRA husajili magari, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nazo TANROADS na TARURA hupima hali ya barabara. Idadi ya magari yaliyosajiliwa ndiyo inayonukuliwa sana, na ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi. Gari lililokufa, likabaki juu ya mawe nyuma ya gereji bila injini, huendelea kuhesabiwa hadi mwenyewe alifutie usajili, kazi ambayo wachache hujisumbua nayo. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ingeweza kuonyesha yaliyo hai, lakini ilifutwa mwaka 2017 na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita.

Kwa hiyo lita zinazouzwa ni kipimo bora cha mwendo wa magari. Atakayepinga atasema jenereta nazo hunywa mafuta, na malori yaendayo Zambia na Kongo hujaza matangi hapa. Hoja ya kwanza ina uzito kwa dizeli, si sana kwa petroli. Ya pili haidhuru: malori hayo hukanyaga lami ileile ambayo TANROADS huipima na kuiandika nzuri, ya wastani au mbaya.