Msamaha wa Kodi na Jasho la Nakivale

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakimbizi wa Rwanda walipewa ardhi Nakivale, kusini ya Mbarara. Hadi leo sera ya Uganda humtaka mfadhili wa wakimbizi atenge asilimia 30 hivi ya msaada kwa wenyeji. Ni haki.

Hapana budi kuuliza: mwenye kiwanda, je? Sheria ya Uwekezaji ya 1991 ilimsamehe kodi kwa miaka kadhaa. Mwaka 1997 msamaha huo ukafutwa. Misamaha mipya, iliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 2010, ina masharti: asilimia 70 ya malighafi itoke nchini, nao wafanyakazi wahesabiwe kwa uraia. Hivyo gunia la mahindi la Nakivale ni la nyumbani. Aliyelilima, ingawa kazaliwa papo hapo, ni mgeni.