Mapambo ya baiskeli

Mapambo ya baiskeli ni vitu vinavyoongezwa kwenye baiskeli ili ipendeze, ionekane kwa mbali au ifanane na chombo kikubwa zaidi, kwa kawaida gari. Baadhi ni urembo mtupu, kama maua ya plastiki kwenye usukani. Mengine, kama taa, vioo na kengele, yana kazi pia, na mara nyingi ni vigumu kusema kazi inaishia wapi na urembo unaanzia wapi. Nchini Japani mapambo hayo yalifikia kilele katika miaka ya 1970, yakitoka kiwandani. Katika Afrika ya Mashariki huongezwa na mwenye baiskeli mwenyewe.

Japani

Nchini Marekani kampuni ya Schwinn ilitoa mwaka 1963 baiskeli ya watoto iliyoiga pikipiki, Sting-Ray. Viwanda vya Japani, vikiwemo Bridgestone, Miyata na National, vilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 viliwauzia wavulana wa shule baiskeli zenye vimulimuli, yaani safu ya taa za nyuma zilizowaka moja baada ya nyingine kuelekea upande ambao mwendeshaji alitaka kukata kona. Gia zilibadilishwa kwa mkono uliofungwa juu ya bomba la juu la fremu, ili ufanane na gia ya gari. Watoto walipovutiwa na magari ya kifahari ya mwendo kasi kutoka Ulaya, mvuto uliochochewa na hadithi ya katuni ya Satoshi Ikezawa iliyoanza kutoka mwaka 1975, zikaja taa za mbele zinazoinuka na kujificha kama za magari hayo.

Umeme wa vimulimuli ulitoka kwenye betri kavu kubwa, zile zile za tochi na redio. Jina la National lenyewe lina asili hapo. Konosuke Matsushita, aliyekuwa mwanagenzi katika duka la baiskeli mjini Osaka alipokuwa mtoto, alibuni taa ya betri ya baiskeli mwaka 1923, na mwaka 1927 taa yake nyingine ikawa bidhaa ya kwanza kuitwa National. Watanzania walilijua jina hilo kwa betri na redio, kwa kuwa Matsushita ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960.

Kasoro kubwa ya baiskeli hizo ilikuwa uzito. Betri, sanduku lake na taa zote vilisukumwa na miguu ya mtoto, na hakuna hata kimoja kati yake kilichomsaidia kupanda mlima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanunuzi waligeukia baiskeli nyepesi zisizo na makeke. Kilichodumu ni kitu kisichong'aa. Katika miaka hiyo kampuni ya Shimano ilitoa mfumo wa Positron, ambao ulifanya kila gia ikae mahali pake kwa mlio mdogo, bila mwendeshaji kuitafuta kwa kubahatisha. Mwaka 1984 wazo hilo lilifika kwenye baiskeli za mashindano, na leo limo katika baiskeli nyingi zenye gia, pamoja na za mitumba kutoka Japani zinazouzwa Dar es Salaam na Zanzibar.

Tawi la pembeni la mapambo hayo ni dekochari. Kati ya 1975 na 1979 zilitolewa filamu 10 za Torakku Yaro, ambamo Bunta Sugawara aliigiza dereva wa lori lililojaa taa na michoro. Vijana wasio na umri wa kupata leseni waliziiga kwa kujenga bodi za mbao na bampa za kung'aa juu ya baiskeli zao. Hapa pambo liliimeza baiskeli kabisa.

Afrika ya Mashariki

Baiskeli zilizoenea huku, kama Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Hero ya India na Swala iliyotengenezwa Tanzania, zina muundo unaokaribiana: fremu nzito ya chuma, gia moja na karia imara. Pambo huja baadaye, kidogo kidogo, kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwanza huwa kengele, kisha vioo, brashi za rangi zinazozunguka vitovu vya magurudumu, na kipande cha raba kinachoning'inia chini ya madigadi ya nyuma kikiwa na maandishi.

Mapambo yalipata thamani ya biashara baiskeli ilipoanza kubeba abiria. Bodaboda ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na jina lake linatokana na safari za kutoka mpaka hadi mpaka. Huko Kisangani, Kongo, baiskeli za namna hiyo huitwa toleka. Abiria akikuta baiskeli kadhaa kituoni anaweza kuchagua. Mto laini juu ya karia, pindo za rangi na vyuma vilivyosuguliwa vikamwambia kwamba chombo kinatunzwa. Pikipiki zilipochukua abiria hao, zilirithi jina na mapambo pia.

Taa ya kawaida ya baiskeli hizi hupata umeme kutoka dainamo inayosuguana na tairi. Haihitaji betri, lakini huongeza ugumu wa kukanyaga, na baiskeli ikisimama taa huzimika. Hilo lina uzito katika nyanda za juu za Ufipa, ambako barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga hutumiwa na malori pamoja na baiskeli za wakulima. Katika vijiji kama Pito, gunia la mahindi au mkaa likifungwa kwenye karia linaweza kuifunika reflekta ya nyuma, na mwenye kusukuma baiskeli polepole mlimani usiku hubaki gizani. Reflekta za pedeli na za spoku hazizibwi kirahisi na mzigo. Zile za pedeli hupanda na kushuka mwendeshaji anapokanyaga, hivyo dereva anayekuja nyuma hutambua upesi kwamba mbele yake kuna baiskeli.